Damu inafika kichwani? Kupima mtiririko wa damu kwenye ubongo wa mtoto mchanga

"Daktari, damu inafika kichwani?"

Mama wa nasari, wodi ya watoto wachanga, huniuliza hivyo hata kabla sijawasha mashine. Huniita daktari kwa sababu ya koti jeupe, ingawa kazi yangu ni altrasaundi. Wengine wamepasuliwa jana yake na bado wanatembea wameinama, mkono mmoja umeshika mshono. Wameambiwa kwamba mtoto alichelewa kulia, au alikunywa maji machafu, au alizaliwa amechoka, na kwamba huenda ubongo ulikosa hewa. Wengi hawajaelezwa zaidi ya hapo.

Nimeamua kuliandika jibu kwa urefu kwa sababu pale kwenye inkubeta sipati nafasi ya kulisema lote, na kwa sababu "ndiyo, inafika" inaweza kumpotosha mzazi. Kuna watoto ambao damu inafika kichwani kwa wingi kupita kiasi, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Tuanze na ubongo wenyewe. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400 hivi, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake wote. Kwangu mimi na kwako ni asilimia 2 tu. Ubongo huo hauna ghala la kuweka akiba ya maana ya oksijeni wala sukari. Unachotumia sasa ndicho kilicholetwa na damu sasa hivi. Kwa hiyo mwili umejaliwa ulinzi: presha ikishuka, mishipa midogo ya ubongo hupanuka ili damu iendelee kupita, na presha ikipanda hujibana. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuinuka ghafla kitandani na ubongo wake usipungukiwe na kitu.

Kwa mtoto mgonjwa ulinzi huo unaweza kulala. Mwaka 1979 huko Copenhagen, Hans Lou, Niels Lassen na Bent Friis-Hansen walipima damu ya ubongo wa watoto wachanga waliozaliwa kwa shida, wakitumia xenoni-133, gesi yenye mionzi hafifu. Gesi ikishaingia kwenye damu, vipokezi vinavyowekwa nje ya kichwa husoma jinsi inavyooshwa na kuondoka kwenye ubongo. Ikiondoka haraka, damu inapita kwa wingi. Walichokiona ni kwamba kwa watoto hao mtiririko ulifuata presha, juu na chini, bila kizuizi. Presha ikianguka, ubongo unakauka. Ikiruka, damu inafurika kwenye vishipa vyembamba visivyoweza kuihimili.

Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, vishipa vyembamba kuliko vyote viko kwenye tabaka laini kando ya vyumba vya maji vya ubongo. Ndivyo vinavyopasuka, na mara nyingi ni ndani ya saa 72 za kwanza. Sista mzoefu anaposukuma dawa ya mshipa polepole, anapokataa mtoto ageuzwe-geuzwe ovyo, anapoomba watu wapunguze kelele karibu na inkubeta, analinda kile walichokipima watu wale wa Copenhagen. Wako ambao hawajawahi kusikia kuhusu kazi hiyo, na bado wanaifanya vizuri kuliko wengi waliosoma.

Sasa turudi kwa mtoto aliyechelewa kulia. Madhara yake hayaji mara moja. Kwanza damu na oksijeni hupungua, chembe za ubongo zinaishiwa nguvu. Mtoto anapofufuliwa, damu inarudi, na kwa saa kadhaa mambo huonekana kama yametulia. Mara nyingi ni ndani ya saa 6 hadi 24 ndipo wimbi la pili linapoanza: chembe zilizojeruhiwa zinaanza kufa, mtoto anapata degedege, na mishipa ya ubongo inalegea na kubaki wazi. Damu inamiminika, lakini chembe zimeshindwa kuitumia. Ndiyo maana swali la mama linahitaji maswali mengine mawili nyuma yake: inafika kwa kiasi gani, na imepita saa ngapi tangu azaliwe?

Mimi hujibu sehemu yangu kwa Doppler, altrasaundi inayosoma kasi ya damu, kupitia utosi.

Utosi ni zawadi ya ajabu kwa mtu wa kazi yangu. Mfupa wa fuvu huzuia mawimbi ya sauti, lakini pale mbele juu ya paji kuna dirisha ambalo bado halijafungwa, na kupitia hapo naweza kuona ubongo wote wa kati bila sindano, bila mionzi, bila kumtoa mtoto kwenye joto lake. Nanawa, nafuta kwa dawa probu, kile kichwa cha mashine ninachokishika mkononi, naingiza mkono kwenye kidirisha cha inkubeta. Jeli lazima iwe imepashwa moto. Tone la jeli baridi kichwani linaweza kumshusha joto na kumfanya alie, na mtoto anayelia presha yake inaruka na kipimo kinaharibika. Naweka probu utosini kwa uzito wa mkono usiozidi uzito wa jeli yenyewe. Ukigandamiza, unaongeza shinikizo ndani ya fuvu, damu ya kati ya mapigo inapungua, na mashine inakuandikia ugonjwa ambao mtoto hana.

Kisha nawasha rangi. Ateri ya mbele ya ubongo inatokea kama uzi unaopanda na kujikunja, ukija karibu moja kwa moja kuelekea kwangu. Hilo ni muhimu. Kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842 inasema sauti hubadilika kadiri kitu kinavyokaribia au kwenda mbali, na mashine inabadili tofauti hiyo kuwa kasi. Mshipa ukipita kwa mshazari, kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Huyu anakuja uso kwa uso, kwa hiyo namwamini.

Kwenye skrini vinatokea vilima: kilele moyo unapopiga, bonde unapopumzika. Tuseme kilele ni sentimita 40 kwa sekunde na bonde ni 10. Natoa 10 kwenye 40, nagawanya kwa 40, napata 0.75. Hiyo ndiyo indeksi ya ukinzani, RI, na kwa mtoto mchanga 0.75 ni nambari ya kupumua nayo. Sasa bonde lipande mpaka 22: RI inakuwa 0.45. Damu inapita hata moyo ukiwa umepumzika, kwa sababu mishipa midogo damu inakoelekea imelegea na haizuii kitu. Mwaka 1986 Archer, Levene na Evans waliandika katika jarida la The Lancet kwamba kwa watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, RI iliyo chini ya 0.55 ilitabiri matokeo mabaya. Mpaka leo watu wa nasari duniani wanaikumbuka nambari hiyo. Pia inabidi wakumbuke kwamba mtoto anapopozwa mwili kama tiba, uwezo wake wa kutabiri hupungua.

Lakini Doppler inasoma kasi, na kasi na wingi ni vitu viwili. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole maji yanaruka mbali, huku ndoo ikichelewa kujaa. Kupata wingi wa damu ningehitaji upana wa mshipa, na ateri ya ubongo wa mtoto ni nyembamba kiasi kwamba kosa dogo la kuupima linageuza hesabu yote. Kuna na mengine. Ule mshipa wa wakati wa mimba unaounganisha ateri ya mapafu na aorta usipofunga kwa njiti, damu inaibwa kwenda mapafuni, bonde linazama hadi sufuri au linageuka nyuma kabisa, na RI inapanda bila ubongo wenyewe kuwa na kosa. Na kuna kabonidayoksaidi. Ikizidi kwenye damu, mishipa ya ubongo hupanuka, ikipungua, hujibana. Mtu mwenye hofu anayembana mtoto mfuko wa hewa kwa kasi kubwa anaweza kuiondoa hewa hiyo kupita kiasi na kuunyima ubongo damu huku oksijeni ya kidoleni ikisoma 100. Nasisitiza hili kila nikipata nafasi ya kuongea na wanafunzi wa uuguzi: pumzi za taratibu, kifua kiinuke kidogo tu.

Njia nyingine ni mwanga. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga ulio karibu na infraredi unapenya ngozi na mfupa na kufika kwenye ubongo, na kwamba hemoglobini yenye oksijeni huumeza tofauti na isiyo nayo. Fuvu la mtoto mchanga ni jembamba, kwa hiyo njia hii ilimfaa kuliko mtu mzima. Watafiti wa London, kina Edwards, walichapisha mwaka 1988 mbinu ya kupima mtiririko wenyewe kwa mwanga huo: unaongeza oksijeni ya mtoto ghafla kidogo, kisha unatazama jinsi hemoglobini iliyojaa oksijeni inavyoingia kwenye ubongo sekunde baada ya sekunde. Oksijeni yenyewe ndiyo inayofanya kazi iliyofanywa na xenoni. Napenda akili ya jambo hilo.

Kitandani siku hizi kinachotumika zaidi ni stika yenye taa na kipokezi, inayobandikwa kwenye paji la uso na kuonyesha saa zote asilimia ya oksijeni iliyobaki kwenye damu ya ubongo. Ni jambo zuri, lakini nawaomba wanaolisifu wasome matokeo ya utafiti wa SafeBoosC III uliochapishwa mwaka 2023. Njiti 1,601 waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 waligawanywa: nusu walitibiwa kwa kufuata kipimo hicho, nusu kwa huduma ya kawaida. Vifo na majeraha makubwa ya ubongo havikupungua. Kuona oksijeni ikishuka hakukutosha kubadili hatima yao. Nikiulizwa na hospitali ya kaunti kama inunue stika hizo kwanza, au imsomeshe mtu wa altrasaundi, najibu bila kusita: msomesheni mtu.

Na mwanga una swali ambalo sisi hatuwezi kulikwepa. Melanini ya ngozi nayo humeza mwanga. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni kilikosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwenye mwanga wa infraredi melanini humeza kidogo, lakini humeza. Shosho yeyote Nairobi anajua kwamba mtoto huzaliwa mweupe na rangi yake halisi huja baadaye. Ndiyo maana anafunua shuka na kutazama ncha za masikio kwanza. Vifaa hivi lazima vijaribiwe kwa watoto wetu, katika siku yao ya kwanza na katika wiki yao ya sita, maana ngozi hiyo si ile ile.

Halafu kuna MRI, mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku. Hapa ndipo unapopata kile ambacho mama alidhani mimi nitampa: ramani ya ubongo mzima, kila sehemu na mililita zake za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika, bila sindano na bila mionzi. Mbinu inaitwa ASL, na mizizi yake ni kazi ya John Detre na wenzake ya mwaka 1992. Mawimbi ya redio yanaitia alama damu inayopanda shingoni kwa kugeuza sumaku ndogo za maji yaliyomo ndani yake. Mashine inangoja damu hiyo iingie ubongoni, inapiga picha, kisha inapiga nyingine isiyo na alama, na kutoa moja kwenye nyingine. Kwa mtu mzima kinachobaki ni karibu asilimia 1 tu ya picha. Kwa mtoto kinabaki kidogo zaidi, kwa sababu damu yake inakwenda polepole na ubongo wake unapokea kidogo: mtu mzima hupata kama mililita 50, njiti wa siku chache anaweza kuwa na 10 hadi 20. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2015 inashauri kungoja milisekunde 2,000 kwa watoto wachanga badala ya 1,800 za mtu mzima mwenye afya, ili damu iwahi kufika. Mtoto akitikisa kichwa tu, kazi yote inapotea.

Kwa hiyo analishwa, anavishwa vizibo vya masikio, anafungwa vizuri kwenye shuka na kuachwa alale kwa shibe. Hiyo ni sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kumfikisha. Kuna hospitali hapa mjini ambako nasari iko ghorofa moja na picha ziko jengo jingine. Kwingine MRI haipo kabisa na mtoto anapandishwa ambulensi, akatishwe foleni ya barabarani na mtungi wa oksijeni ubavuni, wakati ulinzi wa mishipa yake umelala na kila mtikisiko unaingia kichwani. Nimeona familia ikichanga pesa kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya picha ambayo mtoto hakuwa na nguvu ya kusafiri kuifuata. Kipimo kinachomdhuru mtoto njiani hakina faida hata picha yake ikiwa safi namna gani.

Zipo sasa MRI ndogo za magurudumu, zenye sumaku ya tesla 0.064 mahali pa 1.5 au 3 ya zile za kawaida, na moja ilipata kibali Marekani mwaka 2020. Inasukumwa hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Inaonyesha vyumba vya maji vilivyovimba na jeraha kubwa. Kwa ASL sumaku hiyo bado ni dhaifu, lakini kanuni yake naikubali: mashine ndiyo inayomfuata mtoto.

Ninachokitamani zaidi kilitoka Paris. Mwaka 2017 Demené, Tanter na wenzao walichapisha kazi ya altrasaundi inayopiga picha maelfu kwa sekunde, kupitia utosi ule ule ninaoutumia mimi. Kwa kasi hiyo inasoma vishipa vidogo ambavyo Doppler yangu haivioni kamwe. Waliona damu ikibadilika mtoto akiingia usingizi mmoja na kutoka mwingine, na wakaona wimbi la degedege likitembea ubongoni. Probu yao ilikaa kichwani bila kushikwa na mkono. Hakuna jambo katika kazi yangu ninalolingoja kwa hamu kama siku kifaa hicho kitakapoingia nasari za umma.

Hadi siku hiyo, tuna utosi, jeli, na mashine ambazo hospitali nyingi za Nairobi tayari zinazo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Kenya hupoteza watoto 21 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajamaliza mwezi, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni mojawapo ya sababu kuu pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na maambukizi. Watoto hao wako wodini leo. Inaniuma kuona mashine nzuri yenye probu ndogo ya watoto ikifungiwa idara ya picha saa kumi jioni ya Ijumaa mpaka Jumatatu. Sehemu kubwa ya saa 72 za njiti aliyezaliwa Ijumaa usiku inaishia hapo hapo.

Pia hatuwezi kuchukua nambari za wengine na kuzibandika tu. Utafiti wa HELIX wa mwaka 2021, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, ulijaribu kuwapoza waliokosa hewa, tiba iliyookoa wengi Ulaya na Marekani. Waliopozwa walikufa zaidi. Kama tiba yenyewe inaweza kugeuka namna hiyo ikibadilisha mahali, basi na ile 0.55 ya mwaka 1986 inastahili kuhakikiwa hapa, kwa watoto wa hospitali zetu za Nairobi, wa Pumwani, wa Mbagathi, wa Mama Lucy, walioandikwa vizuri tangu saa ya kwanza.

Nasema walioandikwa vizuri kwa sababu ripoti nyingi ninazoletewa kutoka kwingine zina mstari mmoja: "Doppler ya kichwa ni ya kawaida." Haisemi ni mshipa gani, RI ilikuwa ngapi, mtoto alikuwa na umri wa saa ngapi, alikuwa akipumua mwenyewe au kwa mashine, presha yake ilikuwa ipi, kabonidayoksaidi ilikuwa kiasi gani. RI ya 0.60 katika saa ya nne na RI ya 0.60 katika saa ya thelathini hazina maana moja. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Kinachonipa picha ni kuona nambari ikienda wapi kati ya leo na kesho.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Altman, na wenzake waliandika mwaka 1988, baada ya kupima watoto kwa PET, mashine ya picha inayofuatilia dawa yenye mionzi mwilini, kwamba baadhi waliokuwa na mililita 5 tu za damu kwa gramu 100 kwa dakika walikuja kukua vizuri. Kwa mtu mzima kiwango hicho ni cha ubongo unaokufa. Nawasimulia mama jambo hili, kwa sababu ni kweli na kwa sababu wengi wameshaambiwa na jirani wa kitandani kwamba mtoto wao "amekwisha". Siwaahidi kitu. Nawaeleza nilichokiona, na nawaambia waombe vitu vitatu: nakala ya ripoti yenye nambari, skani nyingine kesho au keshokutwa, na tarehe ya kliniki ya ukuaji watakayoitunza hata kama mtoto anaonekana mzima, akae akiangaliwa anavyoshika shingo, anavyofuata kwa macho, anavyofungua viganja.

Juzi mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo hiyo nambari yake ni ngapi?" Nikamwambia: 0.68, saa ya ishirini na sita. Akaomba kalamu, akaiandika nyuma ya kijitabu cha kliniki.